Bipu za Gulio la Titye

Nianze na mwisho ili msihangaike kuufukuzia: nilishinda. Mtu anapostaafu kwenye kampuni ya simu huagwa kwa keki na hotuba ya mkubwa ambaye hajui hata ulikuwa ukifanya kazi gani. Yote mawili nimeyapata, na keki ilikuwa nzuri. Lakini ninyi vijana wa idara ya mipango mlinifuata mkaniomba niwaandikie miaka yangu ya kazi, hasa ile ya Kibondo na Kasulu, na mliomba kwa adabu, basi nimekaa kuandika. Vyeo na mishahara havimo humu. Hayo waulizeni watu wa utumishi, wao hawasahau.

Kazi nilianza nikiwa binti mdogo, opareta kwenye ubao wa simu wa kuchomeka waya kule kwetu Muheza. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino kwa kuwa niliambiwa naenda ofisini. Kufika mchana nilikuwa peku, nakimbia kutoka mwisho mmoja wa ubao hadi mwingine. Mbele yetu kulikuwa na matundu, na chini yake jozi za waya. Kila maongezi yalikula jozi moja. Jozi zikiisha, mteja anayefuata unamwambia asubiri, naye anakutajia ukoo wako wote.

Msimamizi wetu alikuwa Mzee Mhina, mtu mfupi mwenye koti moja la kaki. Wasimamizi wengine walitazama mikono yetu. Yeye alikaa nyuma yetu, kauelekezea ubao mgongo, akasikiliza. Jioni moja aliniuliza nimeunganisha simu ngapi, nikamtajia kwa kujidai. Akauliza nimewarudisha wangapi. Sikujua.

"Basi hujui leo kazi ilikuwaje," alisema. "Ubao unawajua waliopita. Waliorudishwa unawajua wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyewasikia."

Tangu siku hiyo niliwahesabu waliorudishwa, na nilianza kuwatambua kwa sauti. Kuna aliyerudi mara moja kisha akakata tamaa. Kuna aliyerudi kila baada ya pumzi tatu mpaka apate. Huyu wa pili peke yake alitupa kazi ya watu kumi. Baadaye mashine ziliingia, ubao ukapelekwa stoo na mimi nikapelekwa chuo, nikatoka huko injinia wa mipango ya mtandao. Mashine zilifanya kazi vizuri kuliko sisi, sina ugomvi nazo. Ila hazikuwa na masikio ya Mzee Mhina.

Kwa anayesoma haya na hajui kazi yetu, hesabu yenyewe ni hii. Chukua saluni yenye viti saba, isiyo na benchi la kusubiria. Wateja wanakuja bila kupangana, kila mmoja anakaa muda wake na kuondoka. Anayekuta viti vimejaa anageuka. Je, kati ya wateja mia watageuka wangapi? Mtaalamu mmoja wa Denmark, aliyekufa kabla mama yangu hajazaliwa, alilipatia swali hilo kanuni fupi kabisa, na kipimo chetu cha mzigo wa simu kina jina lake mpaka leo. Unaipa kanuni mzigo na idadi ya njia, yenyewe inakupa wanaogeuzwa. Sisi tulivumilia wawili katika mia, zaidi ya hapo ni aibu. Kanuni hiyo naipenda, nakiri. Njia saba zinabeba mzigo wa watu karibu watatu wanaoongea mfululizo, lakini njia kumi na nne hazibebi sita, zinabeba nane. Viti vikiwa vingi vinapokezana. Kinyume chake pia ni kweli, na hapo ndipo wengi wanajikwaa: ukiondoa nusu ya njia, unaondoa zaidi ya nusu ya uwezo.

Kanuni ina masharti yake. Mojawapo linasema kwamba anayegeuzwa anakwenda zake nyumbani na hasumbui tena. Wadenmark, inaonekana, ni watu wastaarabu sana.

Nilifika Kibondo mwishoni mwa mwaka 2012, nimepewa minara yote kuanzia hapo hadi Kasulu. Vumbi la barabara ile lilikuwa jekundu na lina bidii, lilinikuta mpaka ndani ya kioo cha saa. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, kwa hiyo nguo zangu zilinuka mbolea, na wateja wa mbolea walinisalimia kama mwenye duka. Baridi ya asubuhi ilinishangaza. Mtu wa Muheza hana koti, nikanunua moja mitumbani, la kiume, na nilistaafu nalo. Watu wa pale nyumbani huzungumza Kiha, Kiswahili wanakitoa kwa wageni kama mimi, na ndani ya mwezi mmoja nilijua kuitikia "twakeye" nikisalimiwa "mwakeye". Zaidi ya hapo walinicheka, nikaacha.

Zana zangu zilikuwa kompyuta ya mkononi, simu ya majaribio yenye kuonyesha nguvu ya mawimbi, kikokotoo cha zamani ambacho vitufe vyake vilishafutika namba, na bisibisi mbili. Kikokotoo kile vijana walikicheka. Lakini kanuni ya Denmark unaweza kuipiga kwa kikokotoo hatua kwa hatua, njia moja baada ya nyingine, na ukifanya hivyo unaona mahali hesabu inapoanza kuumia. Kompyuta inakupa jibu tu. Fanyeni kwa mkono walau mara moja, mtanishukuru.

Titye iko upande wa Kasulu, nchi ya maharage, mihogo na tangawizi. Mnara wetu ulikuwa juu ya kilima, chini yake uwanja wa gulio la kila wiki, na ng'ambo ya uwanja zahanati. Mnara ulikuwa na redio mbili, kila moja na njia saba za maongezi. Mara ya kwanza nilipokwenda kuukagua, nesi wa zahanati alipanda kilima kunifuata, kashika simu mkononi kama mtu anayerudisha bidhaa mbovu dukani. Aliitwa Sista Veneranda, mwenyeji wa Bukoba, mtumishi wa kuletwa kama mimi.

"Injinia," alisema, "huu mnara mmeuweka ndege wapate pa kutua?"

Alinieleza kwamba siku za kawaida simu zinakwenda vizuri, ila siku ya gulio hazipiti kabisa. Nami nikakagua kila kitu. Betri nzima, jenereta nzima, antena zimekaa sawa, taa zote kijani. Nikamwambia mnara hauumwi. Akanitazama vile nesi anavyomtazama mgonjwa anayesema hajambo, akashuka zake.

Katikati ya mwaka 2013 mambo mawili yalinikuta ndani ya wiki moja. La kwanza lilitoka Titye. Binti mmoja aitwaye Kezia alishikwa na uchungu siku ya gulio, mtoto akakaa vibaya. Sista Veneranda alipiga simu Kasulu kuita gari la wagonjwa. Simu ilimwambia mtandao una shughuli. Akapiga tena, na tena. Mwishowe alimtuma mtu kwa bodaboda hadi Kasulu, akaenda, gari likaja. Kezia aliokolewa. Mtoto hakuokolewa.

La pili lilitoka Dar es Salaam kwa barua pepe. Mkuu wa mipango, Bwana Festo, kijana mwenye akili na heshima, aliandika kwamba hesabu mpya zinaonyesha mnara wa Titye una kazi ndogo. Redio moja inatosha. Ya pili ing'olewe kabla ya mvua ipelekwe mjini, kwenye mnara wenye wateja.

Nilisoma barua ile mara mbili, nikatoka nje nikasimama kati ya magunia ya mbolea. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kazini, na ilinikera zaidi kwa kuwa sikuwa na jibu. Hesabu za Festo zilikuwa sahihi. Nilizipiga mwenyewe kwa mkono: kwa mzigo aliouandika, njia saba zilitosha na chenji ikabaki. Na bado Sista Veneranda alikuwa amepiga simu mpaka kidole kikamuuma. Mmoja kati yao hasemi kweli, na wote wawili niliwaamini.

Siku ya gulio iliyofuata sikupanda kilimani. Niliingia gulioni na simu yangu ya majaribio. Mawimbi yalikuwa yamejaa hadi juu, lakini kila nilipopiga nilipata ile milio mitatu mifupi ya kukataliwa. Nikatafuta mahali pa kukaa, na mama mmoja muuza tangawizi akanisogezea debe lililopinduliwa. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi zamani, yeye ni raia, analima na kuuza. Watu walimwita Mama Kezia. Sikuhitaji kuuliza ni Kezia gani.

Nilimpa pole. Alisema ahsante, akapanga vizuri tangawizi ambazo zilikuwa zimeshapangika. Kisha akachukua simu yake, akabonyeza, akasikiliza, akakata. Akabonyeza tena, akakata. Halafu akaiangalia kwa chuki, akaiweka chini, akangoja kidogo, akaanza upya. Nikatazama meza za jirani. Muuza maharage alikuwa akifanya hivyo hivyo, na muuza ndizi, na mwenye Fuso aliyelala kivulini chini ya bodi la gari lake huku simu ikiwa kifuani. Uwanja mzima ulikuwa ukibipu.

Kubipu tunakujua sote: unampigia mtu, ikiita unakata kabla hajapokea, naye anajua umemtafuta. Haina gharama. Lakini Titye walikuwa wameifanya lugha, na Mama Kezia alinifundisha huku akiuza. Bipu moja kwa mwenye gari inamaanisha mzigo upo. Mbili mfululizo, bei imekubaliwa, njoo. Tatu, usije, leo pamekwisha. Kwa mnunuzi wa Kasulu, wa Kibondo na hata wa ng'ambo ya pili ya milima, lugha ni hiyo hiyo, na hakuna anayepokea, kwa sababu ukipokea umevunja sentensi.

"Na bipu ya pili ikikataa kupita?" niliuliza.

"Ego, ndiyo, hapo ndo balaa," alisema. "Mimi nataka kumwambia njoo, yeye kapata moja, anajua mzigo upo tu. Sasa nanyamaza kwanza, ajue ile ya kwanza imefutika. Kisha naanza mwanzo, zote mbili."

Nilikaa kwenye debe lile nikamsikia Mzee Mhina nyuma yangu kama yupo. Festo alikuwa amehesabu dakika zilizolipiwa. Ndiyo hesabu mpya tuliyoletewa, ni rahisi, dakika zilizolipiwa zinakuja zimepangwa vizuri. Bipu hailipiwi. Lakini tangu simu inapoanza kuita hadi unapoikata, imekalia njia sawasawa na simu ya mbunge. Na zile takwimu nyingine za mitambo, ambazo zingeweza kutuonyesha, zilichukuliwa saa za jioni kwa nchi nzima na kupigiwa wastani wa wiki. Gulio la asubuhi moja lilimezwa humo kama chumvi kwenye sufuria la shughuli. Tulikuwa tunahesabu waliokaa kitini wakalipa. Waliokaa bila kulipa hatukuwaona, na waliogeuzwa hatukuwasikia.

Na waliogeuzwa wa Titye si Wadenmark. Hawaendi nyumbani. Kila bipu moja inayokataliwa inazaa zaidi ya bipu moja, kwa sababu sentensi lazima irudiwe toka mwanzo.

Nilimweleza Mama Kezia kadiri nilivyoweza, kwa vijiti nilivyochora chini. Alielewa upesi kuliko nilivyotaka. Alitazama zahanati ng'ambo ya uwanja, akatazama simu yake.

"Basi ni sisi tuliofunga njia," alisema. "Siku ile nami nilikuwa hapa. Nilibipu asubuhi yote."

"Hapana, mama," nilimwambia. "Ni sisi tuliowapa njia chache tukasema zinatosha."

Alilia kidogo, akafuta uso kwa khanga, akamhudumia mteja. Nami nililia kidogo. Hayo hayamo kwenye ripoti niliyoandika, ndiyo maana nayaandika hapa.

Nilirudi Kibondo nikakaa na kikokotoo. Kazi niliyofanya si ya ajabu, na ninyi mnaifanya sasa kwa kubofya. Unaanza na mzigo wa mwanzo, yaani simu na bipu zote ambazo watu walitaka kupiga. Unauliza kanuni wanaogeuzwa ni wangapi. Unawarudisha mlangoni, kila mmoja na nyongeza yake, mzigo unakua. Unauliza tena. Unaendelea hivyo mpaka hesabu itulie. Kwa njia kumi na nne ilitulia, lakini pabaya: theluthi ya majaribio yote yalikuwa yakikataliwa. Kisha nikaweka njia saba, kama Festo alivyotaka. Haikutulia. Kila duru mzigo ulipanda, waliogeuzwa wakarudi wengi kuliko walioondoka, ukapanda tena. Nilipiga mpaka chai ikapoa, nikaacha. Ukiing'oa redio ile, siku ya gulio Titye haina simu kabisa, si ya nesi wala ya mtu yeyote.

Halafu, kwa kiburi tu, nikaweka njia ishirini na moja. Jibu lilinifanya nicheke peke yangu mpaka mwenye duka akachungulia. Kwa redio tatu waliogeuzwa walikuwa chini ya mmoja katika mia, na mzigo wenyewe ulipungua karibu nusu. Hakuna anayegeuzwa, hakuna anayerudia, sentensi inapita mara moja. Ukiongeza viti, foleni inaisha mpaka nje ya mlango.

Nilimpigia Festo. Aliniamkia vizuri, nikaitika, akaanza kunieleza kwa upole kuhusu dakika. Nilimwachia amalize, maana kumkatiza mtu ni tabia mbaya na pia inampa nafasi ya kuanza upya.

"Festo," nikamwuliza, "ulipokuwa chuo, ukiishiwa salio ulimtafutaje mama yako?"

"Nilimbipu, Mama Mwanahamisi."

"Bipu hizo zilimlipisha nani?"

"Hakuna."

"Basi kwa hesabu yako ya leo, miaka yote ile hukumtafuta mama yako hata siku moja."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa akafurahi kushikwa. Nampenda Festo kwa hilo mpaka leo. Aliniambia yeye ameshaamini, ila wakubwa wake hawatanunua hadithi ya tangawizi. Nikamwambia sitawauzia hadithi, nitawauzia utabiri. Avute takwimu za mtambo za saa ya gulio peke yake, bila wastani, na mimi nitaandika jibu kabla ya gulio lenyewe.

Mmoja wa wakubwa hao alikuwa na wazo lake, nalo lilinitia kichaa. Alisema bipu haziingizi kitu, basi tuzibane, simu ikiita kidogo mtambo uikate wenyewe. Nilijibu kwamba sentensi za watu zikikatwa hovyo zitarudiwa zaidi, na hesabu nimeambatanisha. Niliongeza kwamba njia zilizojaa hazimjui nesi. Simu ya kulipiwa na bipu ya bure zinakataliwa mlango mmoja.

Siku moja kabla ya gulio niliwatumia barua pepe fupi wote: kesho, kati ya asubuhi na adhuhuri, theluthi moja ya majaribio ya simu Titye yatakataliwa. Sikuweka "huenda" wala "takriban". Nikabonyeza kutuma. Nikikosea, redio inang'olewa wiki hiyo hiyo, na Sista Veneranda anabaki na bodaboda.

Siku yenyewe sikula. Festo alipiga alasiri, na alivyoanza kunisalimia kwa kirefu nilijua anautafuna ushindi wangu kabla ya kunipa. Takwimu zilikuwa theluthi moja na chembe. Alisema mkubwa mwenye wazo la kubana aliuliza ni nani huyu mama wa Kibondo. Nilitoka nje nikamnunulia mwenye duka soda, na mfanyakazi wake, na mteja aliyekuja kununua mbegu na hajui kwa nini anapewa soda.

Redio ya tatu ilikuja mwaka 2014 na gari letu, imefungwa kwenye godoro. Nilipoangalia karatasi yake nilikuta imetoka mjini, kwenye mnara ule ule ambao ulitakiwa kupewa ya kwetu. Nilisoma karatasi hiyo kwa sauti ili nisikie raha. Niliisukuma redio kabatini kwa mikono yangu, nikafunga skrubu, nikaunganisha nyaya, nikasubiri taa. Ilianza nyekundu, ikawa njano, ikakaa njano muda mrefu wa kumzeesha mtu, ikawa kijani. Gulio lililofuata nilikaa tena kwenye debe la Mama Kezia. Alibipu mara mbili, zote zikapita. Alisubiri kwa mazoea ili arudie, kisha akagundua hana cha kurudia, akabaki na simu mkononi anatafuta la kufanya. Muuza maharage alidhani watu hawakuja gulioni, mbona simu zinapita. Yule dereva wa Fuso alifika mapema mpaka mzigo ukawa haujafungwa, wakamgombeza.

Sista Veneranda naye alitaka lugha yake, nami nikampa. Akipata simu ya gari la wagonjwa siku ya gulio atanibipu mara moja, nijue njia zinafanya kazi. Mama na mtoto wakiwa salama wote wawili, atanibipu mbili mfululizo. Ya mama peke yake hatukuiwekea bipu. Hakuna kati yetu aliyetaka kuichagua.

Mwaka 2015 ulileta mtihani ambao sikuupanga. Wageni kutoka Burundi walianza kuingia kwa wingi upande wa Kasulu, na kila mmoja alikuwa na ndugu wa kumtafuta, na wengi hawakuwa na salio. Bipu zikapanda kila mnara. Gulio la Titye likajaa mpaka likamwagika barabarani. Nilirudia hesabu kila wiki, na safari hii Festo ndiye aliyenitumia takwimu za saa moja moja kabla sijaomba. Titye ilipanda hadi wawili katika mia, ikasimama hapo. Ilibeba. Minara mingine tuliipanga upya kwa kanuni ile ile ya kuwarudisha mlangoni, na ninyi mnaitumia mpaka leo, ingawa kwenye mwongozo wenu hapakuandikwa kwamba ilizaliwa kwenye debe la tangawizi.

Mwisho wa mwaka huo nilihamishwa. Wiki ya kufunga virago ilikuwa na gulio ndani yake, na asubuhi nikiwa nafunga nyaya kwenye boksi simu yangu iliita na kukata. Titye. Bipu moja.

Nikajua gari limeitwa, na nikajua linamwendea nani, kwa sababu Mama Kezia alishaniambia kwamba binti yake ni mjamzito tena na tarehe zimewadia. Nilifunga boksi, nikalifungua, nikafunga tena. Mwenye duka aliniletea chai, sikuigusa. Sista Veneranda asingesafiri na mgonjwa, zahanati ilimtegemea yeye, kwa hiyo habari ingetoka hospitali ije kwake Titye, kisha itoke Titye ije kwangu, yote kupitia zile njia ishirini na moja, katikati ya gulio kubwa kuliko yote niliyowahi kuona. Nilijua hesabu. Nilijua wawili katika mia hugeuzwa, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu wawili hao nikawaona ni wengi.

Alasiri simu iliita, ikakata. Niliishika kwa mikono miwili. Moja haina maana, moja nilishaipata. Nje mtu alikuwa akibishana bei ya mbolea, nilitamani kumfunga mdomo.

Ikaita tena, ikakata.

Nilipiga kigelegele ndani ya ile ofisi, mtu mzima, injinia, nimevaa koti la kiume, na wanunuzi wa mbolea wakaja mlangoni kuangalia kuna harusi gani. Ukitafuta leo kwenye dakika zilizolipiwa za siku ile, utakuta hakuna mtu yeyote wa Titye aliyenitafuta.